Mwadui na Geita: Mizani ya Nadharia Yetu

Oktoba 1947, mgodi wa Mwadui mkoani Shinyanga ulitoa almasi ya waridi yenye karati 54.5. Mwenye mgodi, mwanajiolojia wa Canada John Williamson, akamzawadia Princess Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa anakaribia kufunga ndoa. Jiwe likakatwa London, likabaki karati 23.6. Leo limo katika pambo la kifuani la familia ya kifalme.

Mali ya ardhini ni ya nani, na nani apange bei yake? Swali hilo ndilo lililozaa fikra ambazo wasomi wa uhusiano wa kimataifa wamekuja kuzitafuta baadaye. Mwaka 2007, Amitav Acharya na Barry Buzan waliuliza kwa nini hakuna nadharia ya fani hiyo inayotoka nje ya nchi za Magharibi. Kwa Tanzania, sehemu ya jibu ilikuwa imekwishatolewa miongo mingi nyuma.

Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alilieleza Bunge kwamba Tanganyika haitairithi tu mikataba ambayo Uingereza iliisaini kwa niaba yake. Mikataba baina ya nchi mbili ingeendelea kwa miaka miwili huku ikipitiwa mmoja mmoja. Wanasheria wa kimataifa wakauita msimamo huo Kanuni ya Nyerere, na Uganda na Kenya zikaufuata kwa namna zao.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa tanuri la hoja. Mwaka 1972 Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa akifundisha hapo, alitoa kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mwaka uliofuata Justinian Rweyemamu akachambua viwanda vya Tanzania na kuonyesha kuwa nchi inaweza kujenga viwanda na bado ikabaki tegemezi, kama viwanda hivyo havifungamani na mahitaji na malighafi zake.

Februari 1979, mawaziri wa Kundi la 77, umoja wa nchi zinazoendelea, walikutana Arusha. Nyerere aliwaambia kuwa nchi zao zinatofautiana kwa itikadi, dini na utajiri, ila zote ni tegemezi mbele ya mataifa makubwa. Kwa hiyo ziungane kama chama cha wafanyakazi, zijadiliane kwa pamoja. Mwaka huohuo Mmarekani Kenneth Waltz alichapisha kitabu kilichotawala fani ya uhusiano wa kimataifa, akishikilia kuwa nadharia hujengwa kwa kuyatazama mataifa makubwa. Waltz akawekwa kwenye rafu ya nadharia, Nyerere kwenye rafu ya hotuba.

Hoja ya Arusha kuhusu utegemezi inaonekana waziwazi kwenye mwalo wa Geita, mahali pa kuchenjulia dhahabu. Mchimbaji mdogo hutoa mbale (mawe yenye dhahabu) kwenye duara (shimo lake), huisaga kwenye karasha, huiosha, kisha hukamata dhahabu kwa zebaki. Mchanga uliokwisha kuoshwa, yaani marudio, mara nyingi hubaki kwa mwenye karasha. Huyo huupeleka kwenye mtambo wa sayanaidi na kupata dhahabu ambayo zebaki iliiacha. Aliyeingia shimoni hupata sehemu. Mwenye karasha hupata iliyobaki.

Hata nchi nzima imekuwa kama mchimbaji huyo. Sheria ya Madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3 tu, na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ukafunguliwa. Makinikia, yaani mchanga wenye madini, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama, yalisafirishwa kuyeyushwa ng'ambo mpaka Serikali ilipoyazuia Machi 2017. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili, mrabaha, uliokuwa umeshafika asilimia 4, ukapanda hadi 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Januari 2020 ikasaini makubaliano na kampuni ya madini ya Barrick yaliyoirasimisha kampuni ya ubia ya Twiga, ambamo Serikali ina asilimia 16.

Hatua hizo zilisifiwa na wengi kama ushujaa wa Rais John Magufuli. Ukweli ni kwamba zilikuwa na ukoo mrefu: azimio namba 1803 la Umoja wa Mataifa la 1962 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili yake, Arusha ya 1967 na Arusha ya 1979. Lakini somo moja la 1979 liliachwa nyuma. Nyerere alizitaka nchi maskini zijadiliane kwa pamoja. Mwaka 2017 Tanzania iliingia kwenye mazungumzo peke yake.

Vyuo vyetu vinavyofundisha diplomasia viitoe hotuba ya Arusha kwenye rafu ya kumbukumbu na kuifundisha kama nadharia: ichambuliwe, ipingwe, ipimwe kwa takwimu za Mwadui na Geita. Tusipoifanyia kazi sisi, tutakuja kufundishwa na wengine kama jambo geni.