Padri aliyepima kutanuka kwa ulimwengu

Mwaka 2027 utatimia karne moja tangu Padri Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Leuven, aandike katika jarida la Brussels kwamba galaksi zinaachana kwa sababu anga lenyewe linatanuka. Kasongo yetu, hapa Kongo, ilikuwa chini ya Ubelgiji wakati huo. Wazee wetu waliyajua majina ya wafalme wa Brussels. La padri huyu halikuwafikia.

Wauza mikate wa Kasongo wanaweza kutuonyesha alichomaanisha. Tia hamira katika unga, changanya na karanga, uache. Unga ukiumuka hadi kila umbali ndani yake uwe maradufu, karanga iliyokuwa sentimita 2 kutoka kwa mwenzake itakuwa kwenye 4. Iliyokuwa 5 itakuwa kwenye 10. Ya kwanza imesogea 2, ya pili 5, kwa muda uleule: ya mbali huenda mbio zaidi. Wala hakuna karanga iliyotembea. Ni unga ulioumuka kati yao. Na kila moja, ukiiuliza, ingedai kuwa yenyewe ndiyo iko katikati.

Lemaître alichukua kasi na umbali wa galaksi 42, akapata kiwango cha kutanuka. Mwaka huohuo Einstein alimwambia ana kwa ana kwamba hesabu ni sahihi, ila fizikia yake inachukiza. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble akatoa vipimo vyake, na sifa zote zikamwendea yeye.

Hapo ndipo penye ugomvi. Makala ya padri ilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1931, aya zenye hesabu ile hazikuwemo. Kwa miaka mingi watu walishuku kuwa kuna mkono uliozifuta ili kumlinda Hubble. Mwaka 2011 mwanaastronomia Mario Livio alichapisha barua iliyomaliza shuku hizo: mfasiri alikuwa Lemaître mwenyewe, na ndiye aliyeziacha, akiona hazina faida tena kwa kuwa vipimo vipya vilishatoka. Mtu wa namna hiyo, asiyegombania sifa, hastahili kusahauliwa.

Alifariki mwaka 1966, akiwa ameshaambiwa kuwa mabaki ya mnururisho wa mwanzo wa ulimwengu yamegunduliwa. Mwaka 2018 wanaastronomia wa dunia walipiga kura, na asilimia 78 wakakubali sheria ile, kwamba galaksi za mbali huenda mbio zaidi, iitwe ya Hubble na Lemaître. Walimu wa fizikia wa Kasongo na Kabambare waiandike hivyo ubaoni, majina yote mawili, kabla ya 2027.