Mkono wa Tabibu wa Birmingham

Ilipofika Januari 1896, habari ya Profesa Wilhelm Röntgen wa Würzburg, aliyegundua miezi miwili kabla yake miali iwezayo kupenya nyama na kuacha kivuli cha mfupa, ilikuwa imekwisha vuka bahari na kuingia Uingereza. Na miongoni mwa walioipokea kwa shauku alikuwamo tabibu mmoja wa mji wa Birmingham, John Hall-Edwards, mwenye umri wa miaka 37 na mahaba makubwa ya ufundi wa picha. Tarehe 11 ya mwezi huo alipiga picha ya mkono wa mwenzake uliokwamiwa na sindano, na sindano ikaonekana dhahiri. Wala Februari haikwisha ila picha ya namna hiyo imekwisha mwongoza mpasuaji katika kazi yake.

Atakaye kuijua thamani ya jambo hili na akumbuke hali ya zamani, ambapo tabibu aliyetafuta risasi mwilini hakuwa na dalili ila kilio cha majeruhi, na aghalabu aliuchokoa mwili kwa chuma au kwa kidole, akazidi kuutia uchafu. Kwa hiyo vita vya Makaburu vilipozuka, Hall-Edwards alisafiri na mitambo yake hadi Deelfontein, katika nyika kame ya Karoo, akahudumu zaidi ya mwaka mzima katika hospitali ya askari, akiwaonyesha wapasuaji mahali risasi ilipojificha kabla kisu hakijagusa ngozi.

Mtambo wa siku zile ulikuwa chupa ya kioo isiyo na kinga yoyote, wala hakikuwapo kipimo cha kuaminika cha nguvu zake. Basi ilikuwa ada ya mafundi kuuweka mkono wao wenyewe mbele ya miali, wakaitazama mifupa yao, na kwa namna kivuli kilivyokolea wakajua kama chupa iko tayari. Wakafanya hivyo asubuhi na alasiri, mgonjwa baada ya mgonjwa, wala hawakuhisi kitu, kwani miali hiyo haina joto wala harufu, na madhara yake hujikusanya kimya kwa miaka. Kwanza ngozi huwa nyekundu, kisha hukauka na kupasuka, vikaja vidonda visivyopona. Na mwisho wa yote ni saratani.

Hall-Edwards naye alipatwa na madhara hayo mikononi, na hapa ndipo ninapoiona adhama yake. Ingalikuwa rahisi kwake kuificha mikono yake, asije akaitia doa ilimu iliyokuwa changa bado na ambayo yeye mwenyewe aliipenda. Lakini mwaka 1904 alieleza kinaganaga yaliyoisibu ngozi yake, akawahadharisha wenzake wajikinge. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha chelewa. Mwaka 1908 mkono wake wa kushoto ulikatwa, na baadaye vikafuata vidole vinne vya mkono wa kulia, akabakiwa na dole gumba. Serikali ikamtengea pensheni ya pauni 120 kwa mwaka, nami sioni kuwa kiasi hicho kililingana na alichokitoa.

Hata hivyo hakujitenga na watu. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914 alirejea kazini kwa cheo cha meja, akasimamia kazi ya eksirei katika hospitali za kijeshi za Birmingham. Na amani iliporudi akaingia katika baraza la mji kuwa diwani, akishughulikia mambo ya jamii ileile aliyokuwa akiitibu. Alifariki Agosti 1926.

Miaka kumi baadaye, katika bustani ya hospitali ya St. Georg mjini Hamburg, ilisimamishwa nguzo ya mawe yenye majina 169 ya matabibu, wauguzi na mafundi wa mataifa mbalimbali waliouawa na miali hii. Na huko Birmingham, katika makumbusho ya maradhi ya chuo kikuu, ule mkono wa kushoto ulihifadhiwa, ili vijana wanaojifunza utabibu wausogelee na kuutazama.