Filimbi, mistari na bendera: asubuhi ya shule Kongo ilitoka wapi?

Saa moja na nusu asubuhi filimbi inalia kwenye shule nyingi za msingi za Kivu. Watoto wenye shati nyeupe na suruali au sketi ya bulu wanajipanga mistari, kila darasa na mstari wake, wadogo mbele. Bendera inapanda, wimbo wa taifa unaimbwa, mwalimu anaangalia kucha na nywele, kisha mstari mmoja mmoja unaingia darasani. Wazazi wameizoea desturi hii hata hawaulizi ilitoka wapi. Ina historia ndefu, na kuna upande wake mmoja uliowaumiza watoto wengi.

Kunako mwaka 1890, dola ya mfalme Leopold II ilitoa amri ya kufungua makoloni ya watoto kule Boma na Nouvelle-Anvers, ambayo leo ni Makanza. Humo waliwekwa mayatima na watoto waliotolewa mikononi mwa wauza watumwa. Walifunzwa nidhamu ya kiaskari, maana wengi walitazamiwa kuingia katika jeshi la Force Publique. Mwaka 1906 dola hiyo ilipatana na Vatikani: misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Basi asubuhi ya mwanafunzi ikawa ya kengele, sala na katekisimu, na kazi ya shamba ikahesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Ubelgiji ilitwaa koloni mwaka 1908, lakini haikugeuza mambo upesi. Ni mwaka 1954 tu ndipo serikali ilipoanza kufungulia watoto wa Kongo shule zisizo za misioni.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, watoto walipata bendera ya kusalimu na wimbo wa taifa, Debout Congolais. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, bendera ikawa ya kijani yenye mwenge, na wimbo ukawa La Zaïroise. Nyimbo zote mbili ziliandikwa na padri yuleyule, Simon-Pierre Boka. Asubuhi ikaongezewa nyimbo na michezo ya kumsifu Mobutu na chama chake cha MPR. Hata kuita majina darasani kulibadilika. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na mtoto aliyezoea kuitikia jina la ubatizo akaanza kuitikia jina la mababu. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ilizitwaa shule za makanisa, na somo la dini likaondolewa. Mwaka 1977 makanisa yalirudishiwa usimamizi wa shule zao, na sala ya asubuhi ikarudi pamoja nayo. Tangu hapo bendera imebadilika tena mara mbili, mwaka 1997 na mwaka 2006. Mistari haikubadilika.

Upande wa uchungu ulizidi katika miaka ya 1990. Mishahara ya walimu ilikuwa imekufa, na wazazi ndio waliobeba shule kwa kulipa kile kinachoitwa prime. Hapo mistari ya asubuhi ikapata kazi nyingine: orodha ya wasiolipa ilisomwa mbele ya wote, na waliotajwa walirudishwa nyumbani na madaftari yao. Mtoto wa miaka sita hajui prime ni nini. Alichojua ni kwamba jina lake limeitwa na wenzake wameingia darasani. Kuna waliokata masomo kwa haya hiyo. Katiba ya mwaka 2006 ilisema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, lakini ni mwezi wa tisa mwaka 2019 ndipo serikali ilipoanza kuitimiza kote. Madarasa yalijaa. Penye uhaba wa vyumba, watoto wanasoma kwa zamu: wengine asubuhi, wengine mchana.

Kisha kuna vita. Katika Kivu, shule ndiyo nyumba ya kwanza ambamo watu waliokimbia hulala. Asubuhi, kabla ya filimbi, mikeka inakunjwa na mafiga yanatolewa uwanjani, au siku hiyo hakuna masomo. Mwanzo wa mwaka 2025, M23 ilipotwaa Goma, shule zilifungwa, na kambi za pembeni mwa mji zikavunjwa. Familia zilihama tena, na watoto wakaingia shule ambazo hakuna anayewajua.

Kwa mtoto wa namna hiyo, dakika kumi za kwanza zina uzito. Amelala vibaya, pengine hajala. Akianza na mwalimu anayemwita kwa jina lake, wimbo uleule wa jana, na nafasi yake kwenye benchi, anajua kitakachofuata, na moyo unatulia kidogo. Lugha nayo inasaidia. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa, na Kiswahili ndicho kinachomkutanisha mtoto aliyetoka Masisi akisema Kihunde na yule wa Rutshuru anayesema Kinyarwanda. Wimbo wa taifa ni wa Kifaransa. Wa darasa la kwanza wanauimba bila kuuelewa. Salamu na hadithi fupi ya Kiswahili wanaielewa siku ya kwanza.

Haya hayangoji bendera wala jengo. Chini ya hema, au kwenye mawe meusi ya volkano, mwalimu anaweza kuwapanga watoto, kuwasalimu, kuita majina na kuimba nao kabla ya hesabu. Mzazi naye anaweza kumwamsha mtoto saa ileile kila siku, kumnawisha uso, na kumfikisha kabla ya filimbi. Ila orodha ile ya madeni isirudi mbele ya mistari. Deni ni la wakubwa, na mahali pake ni ofisini kwa mkurugenzi, mtoto akiwa darasani.