Australia: Nyaraka za mpinzani zaweza kuombwa mahakamani kabla ya kesi

Mfanyabiashara anaposhuku kwamba haki yake imekiukwa, mara nyingi ushahidi huwa mikononi mwa yule yule anayemshuku. Akifungua kesi bila ushahidi, anaweza kushindwa na kuamriwa alipe gharama za upande wa pili. Asipofungua, haki yake huenda ikapotea. Nchini Australia ipo njia ya kati: kuiomba mahakama iamuru nyaraka zifichuliwe kabla ya kesi kufunguliwa.

Masharti matatu

Katika Mahakama ya Shirikisho, maombi hayo huongozwa na kanuni ya 7.23 ya Kanuni za mwaka 2011. Kwanza, mwombaji awe anaamini, kwa sababu za msingi, kwamba huenda ana haki ya kudai nafuu. Pili, awe amefanya uchunguzi wa kutosha na bado hana taarifa za kumwezesha kuamua iwapo afungue kesi. Tatu, awe anaamini, kwa sababu za msingi, kwamba mjibu maombi anazo, au yaelekea anazo, nyaraka zinazohusu suala hilo moja kwa moja. Hati yake ya kiapo hueleza mambo hayo na kutaja bayana nyaraka anazozitaka.

Mahakama za majimbo zina kanuni zake. New South Wales hutumia kanuni ya 5.3 ya mwaka 2005.

Imani, wala si shaka tupu

Mwaka 2017, kampuni ya Pfizer ilikata rufaa dhidi ya Samsung Bioepis. Ilitaka nyaraka za utengenezaji wa dawa inayoshindana na Enbrel, dawa ya baridi yabisi, ili ijue kama hataza zake zimekiukwa. Jaji wa kwanza alikuwa amekataa. Majaji wa rufaa waliutengua uamuzi wake. Walieleza kwamba katika hatua hii mahakama haiamui mtaalamu wa upande upi yuko sahihi, bali hupima iwapo imani ya mwombaji ina msingi. Hata hivyo, dhana na shaka tupu hazitoshi.

Kinga ya mjibu maombi

Hata masharti yakitimia, mahakama yaweza kukataa. Yaweza pia kumtaka mwombaji aweke dhamana ya gharama, au kuweka mipaka ya nani asome siri za biashara. Nyaraka zilizotolewa hazipaswi kutumiwa kwa jambo jingine bila idhini ya mahakama.

Muda hausubiri

Maombi haya si kesi yenyewe, na kwa kawaida hayasimamishi muda wa ukomo. Katika New South Wales, madai ya kuvunjwa mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Kwa hiyo anayeshuku ni vyema awahi kwa wakili, amwandikie mhusika kumwomba nyaraka, na kuhifadhi nakala ya barua na jibu lake: hizo ndizo zitakazoonyesha kwamba alichunguza kabla ya kwenda mahakamani.