Kitui hadi Makindu kwa Ndege: Ni Kilomita Ngapi na Dakika Ngapi?

Kuna wasee hugugo hii swali kila siku: kutoka uwanja wa ndege wa Kitui hadi ule wa Makindu, kaunti ya Makueni, ni mbali aje? Jibu fupi ni kama kilomita 100 na kitu kidogo. Lakini usikimbilie kupaki begi, soma hadi mwisho.

Umbali

Ukinyoosha kamba kwenye ramani, Makindu iko kusini mwa Kitui, ikiegemea magharibi kidogo. Njiani ungepita juu ya Yatta, ule mwinuko wa mawe ya volkano wenye urefu wa karibu kilomita 300, kisha uvuke mto Athi.

Muda

Inategemea umepanda nini. Kandege ka injini moja ka watu wanne hukimbia kama kilomita 200 kwa saa, so hewani ni nusu saa hivi. Cessna Caravan, ile ya abiria kumi na kitu, hugonga kama 300, kwa hivyo ni dakika 20 tu. Ongeza dakika chache za kupaa na kutua. Saa haibadiliki, wote tuko Kenya.

Na barabara je?

Lami ya Kitui, Ikanga, Mutomo, Ikutha hadi Kibwezi, halafu unashika Mombasa Road kurudi upande wa Nairobi mpaka Makindu. Hiyo ni zaidi ya kilomita 150. Na gari yako na barabara ikiwa freshi, weka masaa mawili na nusu ama matatu. Kwa matatu, weka pia muda wa kungoja ijae na kubadilisha gari hapo Kibwezi.

Sasa shida iko wapi?

Hakuna ndege ya abiria yenye ratiba kati ya hivi viwanja viwili. Ukitaka kuruka, unakodi, na ndege za kukodi nyingi hulala Wilson, Nairobi. Piga hesabu: Wilson hadi Kitui ni kama kilomita 130, Kitui hadi Makindu 100, Makindu kurudi Wilson kama 155. Jumla inakaribia 390. Wewe umesafiri 100 tu, lakini mwenye ndege anakudai mzunguko wote, pamoja na ile kilomita 285 ndege ilikuwa tupu. Hiyo ndiyo kitu zile tovuti za kupima umbali hazikuambii.

So hivi viwanja ni vya nini?

Vya siku mbaya. Mgonjwa akizidiwa, ndege kama zile za Amref, ambao walianzishwa 1957 na huruka kutoka Wilson, zinahitaji mahali pa kutua. Kutoka Kitui hadi Nairobi kwa barabara ni masaa. Hewani ni chini ya nusu saa. Ndio maana mtu akianza kulima ama kulisha ng'ombe kwa kiwanja cha ndege, hiyo si mchezo. Siku moja anayengoja hiyo ndege anaweza kuwa ni mathako.

Kwa safari ya kawaida, buda, panda mathree. Na ukifika Makindu na njaa, pitia lile hekalu la Masingasinga: chakula ni bure kwa kila mtu.