Mji wa Kahawa Unaokunywa Chai

Lugha yetu hutunza kumbukumbu hata pale sisi wenyewe tunaposahau. Chukua neno mkahawa. Leo tunaliita hivyo jengo lolote linalouza wali, chapati na supu ya ng'ombe, lakini neno lenyewe limezaliwa na kahawa. Lilikuwa jina la mahali pa kunywea kahawa. Watu wa pwani walikipata kinywaji hicho kwa Waarabu, wakapata pia finjani, dele la shaba juu ya jiko la mkaa, na kashata ya kusindikizia. Mpaka leo ukienda Zanzibar, Tanga au Kariakoo utamkuta muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, na wazee wamekaa barazani wakiihukumu serikali pamoja na timu za mpira.

Sasa njoo huku kwetu Bukoba, mji ambao pesa yake ya kwanza ilikuwa kahawa. Ingia mkahawa wa kawaida, keti, sema unataka kahawa. Dada atakutazama kidogo, halafu atakuuliza, "Ya unga?" Ukisema ndiyo, ataleta chupa ya maji ya moto na kopo. Ukisema hapana, atakushauri unywe chai.

Mwaka jana niliifanya kazi hiyo makusudi. Nina riwaya naiandika, na mmoja wa wahusika wangu anafungua nyumba ya kahawa mjini Bukoba. Nilitaka nijue nyumba kama hiyo ingekaa wapi na ingefanana na nini. Basi nilizunguka kwa miguu kutoka stendi hadi soko kuu, nikashuka mpaka bandarini, nikapanda Hamugembe, nikamalizia Rwamishenye. Nilipata hoteli mbili tatu zenye mashine, bei yake ya wageni. Nilipata kijiwe kimoja karibu na soko ambako mzee anauza kahawa chungu yenye tangawizi, na watu wake ni madereva, wachuuzi na wastaafu. Na nilipata chumba kimoja kidogo, meza tatu tu, ambako dada wa rika langu anakaanga buni zilizotoka shambani kwa mama yake huko Muleba. Anakaanga katika kikaango cha kawaida, anatwanga kwenye kinu, anachemsha. Kahawa ile, bwana, harufu yake inakupokea ungali barabarani.

Wateja tulikuwa wawili. Hapo ndipo swali liliponishika: imekuwaje mji wa kahawa ukanywa chai?

Jibu la kwanza ni kwamba Wahaya walikuwa na kahawa yao kabla ya kikombe. Robusta ni mti wa asili katika nchi hizi za pembeni mwa Ziwa Viktoria. Mababu hawakuikaanga wala kuisaga. Waliichuma, wakaichemsha pamoja na majani ya kunukia, wakaianika juani, wakaitafuna punje kwa punje pamoja na ganda lake. Ndiyo hiyo inayouzwa hadi leo stendi ya Bukoba katika vifurushi vidogo. Mgeni akifika nyumbani hupewa kahawa ya kutafuna, ndipo maneno yanaanza. Tena ilikuwa na kazi nzito kuliko hiyo. Tunda la kahawa lina punje mbili zilizokaa kifua kwa kifua. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walichanjana, wakapaka punje hizo damu zao, kila mmoja akameza ya mwenzake. Huo ndio omukago. Aliyeuvunja hakuhesabiwa kuwa mtu.

Kahawa ilikuwa pia mali ya enzi. Wazee husimulia kwamba chini ya Bakama mtu wa kawaida hakujipandia tu apendavyo. Ilikuwa zawadi, ilikuwa heshima, na ilisafirishwa kwenda Buganda kubadilishwa na vitu vingine. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba mzungu ndiye aliyetufundisha kahawa. Alichotufundisha ni kuihesabu kwa gunia.

Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Lakini kilichogeuza mambo ni reli ya jirani: mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, na meli zikaanza kuunganisha bandari za ziwa na Mombasa. Ghafla gunia la Bukoba likaweza kufika Ulaya. Wajerumani wakahimiza upandaji, wamisionari wakaleta arabika, na baada ya Waingereza kushika nchi kahawa ikazagaa kwenye vibanja vyote, katikati ya migomba. Katika miaka ya 1920 Bukoba ilitoa kahawa nyingi kuliko Kilimanjaro. Mtu alijenga nyumba ya bati, akanunua baiskeli, akapeleka mtoto shule.

Hapo hapo ugomvi ukaanza. Mkulima alikuwa na mti, lakini bei ilikuwa ya mwingine. Mwaka 1924 ndipo Klemens Kiiza na wenzake walipoanzisha chama cha Wahaya, na baadaye wakulima wakawa na chama chao wenyewe cha kuuza kahawa bila kupitia kwa wachuuzi. Mwaka 1937, serikali ilipoleta kanuni za lazima juu ya utunzaji wa mibuni, wakulima walizikataa na ikawa ghasia. Walihofia kwamba anayekuamuru namna ya kutunza mti wako leo, kesho atauita wake. Mimi sioni kwamba hofu hiyo ilikuwa ya kijinga.

Mwaka 1950 kikaandikishwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU. Wazee wa Kamachumu wakikitaja hunyooka mgongo. Baada ya uhuru, katika miaka hiyo ya 1960, Bukoba ikapata pia kiwanda cha kahawa ya unga, TANICA. Angalia kinaya chake: kahawa yetu ilianza kurudi mezani kwetu, lakini ikiwa imeingia kwenye kopo.

Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazili, na bei ya dunia ikapaa hadi 1977. Ingekuwa sherehe. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na kahawa ikawekwa chini ya mamlaka ya serikali. Neema ilikuja mwenye nyumba akiwa ameondolewa sebuleni. Vita vya Kagera vikafuata, 1978 hadi 1979, na umaskini wake. Magendo ya kuvusha kahawa kwenda Uganda yakawa hadithi za kila kijiji. Ushirika ulirudishwa katika miaka ya 1980, na chama cha mkoa kikaja kuitwa KCU. Ila mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana mauzo ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka karibu nusu. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Na mwaka 1997 ukathibitishwa Kagera ugonjwa wa mnyauko, ambao hukausha mbuni mzima matunda yakiwa bado yananing'inia.

Nimeyapanga haya kwa miaka ili uone kitu kimoja. Katika kila hatua, mkulima wa Bukoba na Muleba aliuza kahawa ya maganda. Kukoboa, kukaanga, kusaga, kufungasha na kutia jina vilifanywa mbali na kibanja chake, na mara nyingi nje ya nchi kabisa. Hakuwa na sababu ya kuinywa. Nilimwuliza babu yangu, mzee wa Muleba, kama aliwahi kukaanga kahawa yake akainywa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, kahawa haikuwa ya kunywa. Ilikuwa ya kusomesha."

Na ni kweli ilisomesha. Lakini hata huko kusomesha kuna jeraha lake, nalo lina jina: butura. Kwa wasomaji wa mikoa mingine, butura ni kuuza kahawa ingali mtini. Utaratibu wake ni rahisi. Shule hufunguliwa Januari, na kahawa huanza kuiva kuanzia Mei. Katikati hapo mzazi anahitaji ada, sare na godoro. Anakuja mtu mwenye pesa taslimu, anatazama maua na matunda mabichi, anataja bei ya kutupa. Msimu ukifika, kahawa ni yake. Mwaka nilioingia kidato cha kwanza, mibuni yote ya upande wa chini wa kibanja chetu iliondoka hivyo. Nilipofika likizo ya Juni nilisaidia kuichuma, nikaianika, nikaifunga magunia. Hatukuwa na haki ya hata debe moja.

Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi. Mwaka 2018 ikaagiza kahawa yote ipite kwenye vyama vya msingi vya wakulima. Ni hatua nzuri, ila amri haibadilishi kalenda. Januari bado hutangulia Mei.

Sasa nyumbani kuna mjadala. Baba mdogo anataka tung'oe mibuni iliyobaki tupande mikaratusi kwa ajili ya nguzo na mbao. Hoja yake si ya kupuuzwa: mti wa mbao hauna butura wala mnyauko. Upande wa pili, kituo cha utafiti cha Maruku kimeshatoa miche ya robusta inayostahimili mnyauko, na bei ya robusta duniani ilipanda mno mwaka 2024. Lakini babu na mimi tumeshaona bei zikipanda, yeye mwaka 1977 na mimi juzi. Bei inayopandishwa na baridi ya Brazili hushushwa na mvua ya Brazili.

Ndiyo maana kile chumba cha meza tatu hakinitoki akilini. Dada yule hakungoja kiwanda. Ana kikaango, kinu, mkaa na mama mwenye shamba. Kilo ambayo mama yake angeiuza mara moja kwa bei ya mnada, yeye anaiuza vikombe kwa vikombe, na kila siku anapata pesa, hata Januari. Wateja wawili ni wachache, najua. Lakini watu wa Dar es Salaam wanakaa foleni kununua kikombe kwa maelfu ya shilingi, na baadhi ya buni hizo zimetoka kwetu. Vijana wenzangu tunaolalamika vijiweni kwamba hakuna kazi, tujiulize hapo.

Nimempelekea babu ombi rasmi, kwa adabu zote, mbele ya baba mdogo. Nimeomba mibuni ishirini isiuzwe kwa maganda msimu huu, niikaange mwenyewe. Mzee alinyamaza kitambo. Akatoa punje moja mfukoni, akaitia mdomoni, akatafuna.

"Ishirini ni mingi," akasema. "Anza na kumi. Na kikombe cha kwanza nikionje mimi."