Hesabu ya Mafuta Huko Sharpstown

Tangu mwaka 1955, Frank Sharp alipoanza kuujenga mtaa wa Sharpstown, kusini-magharibi ya Houston, akatoa na ardhi ya kupitishia barabara kuu, maisha ya wakaazi wake yalifungamana na petroli. Hata ilipofika Oktoba 1973, mataifa ya Kiarabu yalipoizuilia Marekani mafuta, hesabu ya kila galoni ikawa faradhi, ijapokuwa Texas yenyewe ni nchi ya visima. Hesabu hiyo humhusu hata mwenye pikipiki: anayeazimia kushinda katika vijia vya msitu wa Sam Houston, kaskazini ya mji, hawezi kutegemea kipimo cha mafuta ya kwendea kwenye lami, kwa sababu mchanga na gia ndogo hula mafuta zaidi; basi hufungua kifuniko cha tangi, akaitikisa pikipiki apate kusikia kilichomo, akakigawa: thuluthi ya kwendea, thuluthi ya kurudia, na thuluthi, nami naiona ndiyo bora, ya dharura.